Mvua za Kwanza Zikinyesha Mwanza: Jinsi ya Kumfundisha Mtoto Mdogo Mimea na Viumbe

Mwezi wa tisa Mwanza ni mawe na vumbi. Nyasi zilizo katikati ya majabali zimekauka hadi zinavunjika mkononi, na mbuzi wanahangaika kutafuta jani. Kisha kuelekea mwezi wa kumi na wa kumi na moja wingu linatanda, upepo unageuka na mvua ya kwanza inapiga mabati. Siku nne au tano baadaye, ardhi ile ile imeota rangi ya kijani.

Vitabu vingi vya watoto na video za mtandaoni huonyesha majani mapya yakichipua Machi, theluji inapoyeyuka Ulaya na joto kurudi. Mtoto wa Igoma au Nyegezi hajaona theluji. Sisi tuko karibu na ikweta, kama nyuzi mbili na nusu kusini yake, na joto letu halipandi wala kushuka sana mwaka mzima. Hapa mbegu huamshwa na maji. Kwa hiyo majira yetu ya kumfundisha mtoto mimea ni vuli, na yakitupita tunayapata tena masika, Machi hadi Mei.

Nimelea na kufundisha watoto wa miaka mitatu hadi sita kwa muda mrefu. Haya namwandikia mzazi aliyepanga chumba na sebule, bibi anayelea wajukuu, na mwalimu wa awali mwenye watoto wengi na ua mdogo. Ninaloamini ni hili: mtoto wa umri huo hajifunzi mmea kwa kukaririshwa jina lake. Anajifunza akipewa mmea mmoja ulio wake, akaurudia kila siku, na mtu mzima akanyamaza kidogo ili yeye atazame.

Hatua ya 1: Anza kabla mvua haijanyesha

Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunasubiri kila kitu kiwe kijani ndipo tumtoe mtoto nje, na tayari amekosa sehemu kubwa ya habari.

Mwishoni mwa kiangazi, mpe mtoto kamba ya kama mita 4. Izungusheni ardhini, mahali popote penye udongo mtupu ambapo watu hawapiti sana, muweke kijiwe kila pembe. Hicho ndicho kiwanja chake. Mwulize anaona nini. Atasema, "Hamna kitu." Usimbishie.

Kisha chukueni makopo mawili yenye matundu chini. Yajazeni udongo mkavu uliochotwa hapo hapo. Msipande chochote. Kopo moja mlimwagilie kidogo kila asubuhi, la pili liachwe kavu. Yawekeni pamoja dirishani au kibarazani, penye mwanga lakini pasipofikiwa na kuku.

Ndani ya wiki moja, mara nyingi hata kabla, kopo lenye maji litatoa vijani vidogo kama ncha za sindano. Hakuna aliyevipanda. Mtoto mmoja wa miaka minne alisimama mbele ya kopo lile muda mrefu, akaniuliza, "Mwalimu, nani ameweka?" Nilimrudishia swali: wewe unafikiri nani? Akafikiri, akasema, "Zilikuwa zimelala." Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo. Udongo mkavu unaouona mtupu umejaa mbegu za msimu uliopita, zilizodondoka, zilizoletwa na upepo, na zilizopita tumboni mwa ndege na mbuzi. Zinasubiri maji.

Baada ya siku kumi mwagilieni na lile kopo la pili, mtoto ashuhudie nalo likiamka. Mvua itakaponyesha kweli, mtoto huyu atakimbilia kiwanja chake cha kamba bila kuambiwa.

Hatua ya 2: Vifaa

Usinunue kitu. Dumu la mafuta ya kupikia la lita 5 likikatwa ubavuni ni bustani. Ndoo iliyopasuka na kiroba kilichotumika vinafaa vilevile. Makopo ya rangi na madumu ya dawa za shambani yasitumike hata yakioshwa. Kijiko cha zamani ndicho jembe la mtoto. Kwa kumwagilia, toboa kifuniko cha chupa ya maji matundu saba au nane kwa msumari uliopashwa moto. Hiyo ni kazi yako, si ya mtoto. Ndoo ya kawaida ikishikwa na mtoto wa miaka mitatu huzamisha mbegu zote kwa mmwago mmoja, na mtoto hulia.

Tafuta pia kipande cha wavu chakavu wa dagaa. Mwanza hakikosekani, na hakuna kinachozuia kuku wa jirani kama hicho.

Hatua ya 3: Harage kwenye glasi

Kwanza, jambo la usalama. Mbegu za dukani za mahindi, na mbegu za pamba wanazopewa wakulima, mara nyingi zimepakwa dawa ya kuua wadudu na kuvu, ndiyo maana zina rangi ya waridi, nyekundu, kijani au bluu. Kwa jicho la mtoto zinafanana na pipi. Mwaka mmoja nilileta darasani kiganja cha mahindi ya namna hiyo bila kufikiri, nikageuka nikamkuta mtoto anapeleka moja mdomoni. Nilimwahi. Tangu siku hiyo natumia nafaka za jikoni tu: maharage, kunde, choroko, mahindi ya kupika. Hata hizo, wahesabie. Mtoto mmoja apewe mbili, na uhakikishe zote mbili zimeingia kwenye glasi, kwa sababu harage puani huvimba na kutoka ni kazi. Waambie pia kwamba maharage mabichi hayatafunwi, yanaumiza tumbo vibaya.

Chagueni maharage mazima yasiyobunguliwa. Yalowekeni usiku mmoja. Asubuhi mtoto alinganishe lililolowekwa na kavu: limekuwa kubwa, ganda limelegea, na pembeni lina kovu dogo jeupe pale liliposhikana na ganda la mama yake. Menyeni moja mlipasue katikati. Ndani kuna kimmea kidogo kilichojikunja, kina vijani viwili vyembamba kuliko karatasi. Nyamaza hapo. Usiseme neno. Waache wapokezane.

Kisha chukua glasi angavu au chupa ya maji iliyokatwa. Zungushia tishu ndani yake, sokomeza nyingine katikati ili ile ya pembeni ibane, kisha ingiza harage kati ya tishu na ukuta wa glasi ili lionekane kutoka nje. Mimina maji chini kimo cha kidole kimoja. Tishu itayafyonza yenyewe. Harage lisizame, litaoza na kunuka.

Kwa joto la Mwanza, siku ya pili au ya tatu mzizi unatoka. Mizizi hutangulia daima, na watoto wengi hushangaa, maana walitarajia jani. Mzizi ukifika urefu wa ukucha, lazeni glasi ubavu kwa siku moja, maji ya ziada yakishamwagwa. Kesho yake mzizi utakuwa umekunja kona kuelekea chini. Ilazeni upande mwingine, nao utakunja tena. Mtoto ameona kwa macho yake kwamba mmea unajua chini ni wapi.

Kati ya siku ya tano na ya nane shina linanyanyuka. Angalieni linavyotoka: limepinda kama kulabu, mgongo mbele, kichwa nyuma. "Linatoka kwa mgongo!" alipiga kelele msichana mmoja, akalala kifudifudi ili aone vizuri, wenzake wakalala pembeni yake. Alikuwa sahihi. Kile kijani kichanga kinaburutwa nyuma ili kisichubuliwe na udongo, sawa na mtu anayeinama kupita mlango mfupi. Likishatoka kwenye mwanga linajinyoosha na ghalambegu mbili, yaani zile nusu mbili za harage, zinafunguka. Hizo ghalambegu ni chakula alichofungasha mama mmea, nanyi mtaziona zikisinyaa siku baada ya siku kadiri majani ya kweli yanavyokua.

Ukiweka na punje ya mahindi glasi ya pili, watoto wataona tofauti: hindi halipandishi punje yake juu, bali hutuma jani moja lililosokotwa kama mkuki.

Hatua ya 4: Kutoka glasini kwenda udongoni

Harage la kwenye tishu haliwezi kuishi hapo hadi lizae. Majani mawili ya kweli yakifunguka, lihamishieni kwenye dumu, wakati wa jioni, tishu yake ikiwa imeshikamana na mizizi.

Kabla ya hapo, chezeni na udongo. Mwanza tuna bahati. Chini ya majabali kuna mchanga wa jiwe lililosagika, ule ambao Wasukuma wanauita luseni, na mabondeni kuna udongo mweusi mzito wa mbuga. Chukua chupa mbili zilizokatwa, toboa vifuniko, zigeuze kichwa chini, jaza moja mchanga na nyingine udongo mweusi, mimina kikombe kimoja cha maji kila moja. Mchanga unaachia maji hapo hapo. Mweusi unayang'ang'ania. Sasa mtoto anaelewa kwa nini majaruba ya mpunga yako mbugani, na mihogo na viazi viko juu kwenye mchanga. Kwa dumu lako changanya mchanga, udongo mweusi kidogo, na samadi iliyooza hadi haina harufu. Samadi mbichi huunguza miche.

Pembeni pandeni mchicha. Huota siku tatu hadi tano na huliwa baada ya wiki tatu au nne, na mtoto wa miaka mitatu hana subira ya zaidi ya hapo. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo changanya kijiko kimoja na kikombe cha mchanga mkavu, mtoto anyunyize kama anayetia chumvi. Funikeni kwa udongo mwembamba sana, kisha wavu wa dagaa juu.

Na msisahau rando la kiazi kitamu. Kateni kipande cha urefu wa mkono wa mtoto, kitieni kwenye chupa ya maji. Baada ya siku chache vifundo vinatoa mizizi. Mtoto anajifunza kwamba si kila mmea unaanzia kwenye mbegu, na kwamba michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa anavyopikiwa na bibi, ilianza na kijiti kama hicho.

Hatua ya 5: Madumu matatu

Miche ya maharage ikifika kimo cha kiganja, chagueni mitatu inayolingana. Mmoja apate maji na mwanga. Wa pili apate mwanga bila maji. Wa tatu apate maji lakini afunikwe na ndoo. Kwanza muulize kila mtoto anatabiri nini, na uandike majibu yao ukutani kwa mkaa, hata yale ya ajabu.

Wa pili atanyauka. Wa tatu ndiye mwalimu mkubwa: atarefuka kuliko wote, mwembamba, rangi ya maziwa. Watoto hudhani ameshinda. Waulize kwa nini anarefuka, waache wahangaike nalo. Anautafuta mwanga, na chakula alichofungasha kinamwishia. Funueni ndoo baada ya wiki. Kwa kawaida hurudisha kijani ndani ya siku chache. Yule wa kiu naye mwagilieni mapema, kabla hajafa. Sipendi kumfundisha mtoto kwa kuua kitu mbele yake ilhali kunyauka tu kumeshatosha.

Hatua ya 6: Tokeni baada ya mvua

Ngurumo zikiwa bado zinasikika, kaeni ndani. Ziwa letu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na chini ya mti si mahali pa kujificha. Mvua ikikatika kabisa, vaeni viatu mtoke.

Rudini kwenye kiwanja cha kamba. Hesabuni aina za majani, si majina yake: lenye meno, la mviringo, lenye manyoya, refu. Mgagani na mlenda huota vyenyewe msimu huu, na hapo ndipo pa kumwita bibi au jirani mtu mzima awaonyeshe, kwa sababu anajua majina ya Kisukuma na anajua kipi huliwa. Sheria ya watoto ibaki moja: hakuna jani, tunda wala mbegu inayoingia mdomoni kabla mtu mzima hajasema ndiyo.

Mengine huonekana tu siku hizo. Kumbikumbi hutoka kwenye vichuguu baada ya mvua za mwanzo, wakaruka, wakadondosha mbawa, wakatembea wawili wawili kutafuta pa kuchimba. Wengi wataliwa na ndege, vyura na sisi wenyewe, wachache wataanzisha kichuguu kipya. Jongoo naye hutambaa njiani. Akiguswa anajiviringisha, hang'ati, ila hutoa majimaji yanayowasha, basi mshikeni kwa jani na mnawe mikono.

Sasa geukieni mawe. Tafuteni mkuyu uliootea juu ya jabali, mizizi imeteremka kama kamba hadi ardhini. Hauko mbali, popote mnapoishi jijini. Keti na watoto chini yake uulize swali moja: nani aliupanda huko juu? Nimepata majibu ya kila namna: Mungu, upepo, mtu mwenye ngazi, nyani. Usisahihishe haraka. Angalieni ndege wanaokula matunda yake, kisha tafuteni vinyesi vyenye mbegu juu ya jiwe. Siku moja mvulana wa miaka mitano alikaa kimya akatazama kinyesi cha ndege, akatazama mti, akatazama tena kinyesi, na macho yake yakapanuka. Sikuhitaji kuongeza kitu.

Kwenye mawe hayo hayo mtamkuta mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, akipiga pushapu juani. Huyo ni dume. Jike ni wa kahawia. Wanasayansi wamempa jina la *Agama mwanzae*, na mimi huwaambia watoto kwamba kuna mjusi aliyepewa jina la mji wao. Huwa wanataka kumwamkia.

Mimea ya kumwonyesha mtoto ili aiepuke ni michache, lakini lazima. Minyaa ya uzio ina utomvu mweupe unaoumiza macho vikali. Ukiingia, suuza kwa maji mengi safi na umpeleke hospitali. Mbegu za mbarika, na zile nyekundu zenye doa jeusi za mturituri, ni sumu kali zikitafunwa, na ni nzuri mno kwa macho. Mnanaha nao ni sumu, kuanzia ua hadi mbegu.

Hatua ya 7: Ziwani, miguu ikiwa mikavu

Ziwa ni darasa kubwa, ila watoto wasiingie majini, hata hadi kifundoni. Kichocho kipo pwani yetu. Konokono wadogo waliomo kwenye majani ya pembezoni hutoa viluwiluwi visivyoonekana, navyo hupenya ngozi. Waambie watoto ukweli huo kwa maneno mepesi, wanauelewa.

Simameni mahali pakavu na palipo wazi, mtu mzima kati ya watoto na maji. Tazameni mafunjo na matete: nani ana kichwa kama ufagio, nani ana majani kama panga? Tazameni mnandi akianika mabawa juu ya jiwe. Kama mna uwezo, boti ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane ni safari ya dakika chache, na huko pimbi wanaota jua mawe yote. Kila mtoto avae jaketi la kujiokoa kabla boti haijang'oa nanga.

Gugu maji mtaliona likielea. Lilitoka Amerika ya Kusini, likaonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na baadaye wakaletwa fukusi wadogo wanaolila ili kulipunguza. Mtu mzima achukue mmea mmoja, auanike juani hadi maji yote yakauke, siku mbili au zaidi, ndipo watoto waupokee. Likateni bua lake lililovimba: ndani ni vyumba vya hewa, kama sponji. Sasa waulize kwa nini halizami. Kazi ikiisha litupwe nchi kavu, lisipelekwe kwenye dimbwi wala bwawa lingine.

Hatua ya 8: Weka akiba ya mbegu

Maharage yaliyohamishwa Novemba yataweka maganda na kukauka kati ya mwisho wa Januari na Februari. Msile yote. Mche ulio bora, chagueni kwa pamoja, muuache hadi maganda yalie kama kayamba yakitikiswa. Mtoto ayapasue mwenyewe na ahesabu: alipanda moja, amepata ngapi? Anikeni siku tatu, changanyeni na majivu makavu ya jikoni kuzuia wadudu, tieni kwenye chupa, fungeni vizuri. Andika jina la mtoto juu yake na uiweke mahali anapoiona kila siku, lakini hawezi kuifikia. Machi, mvua ya kwanza ikipiga mabati, mshushie chupa.